Glavu za Kufungulia Friji

Februari hapa Liepāja haibishi hodi.
Inapita chini ya mlango, inakaa kwenye vijiko,
kwenye kitasa, kwenye bomba, kwenye funguo za mama,
na tangu dripu ya kwanza kila chuma cha nyumba hii
kinamuuma kama waya ulioachwa wazi.

"Ni umeme, Gatis," aliniambia, akakiachia kikombe.
Sikumwamini. Nilidhani ni uzee, au ni deko.
Kisha nikamwona akimeza funda moja la maji ya bomba,
koo likamfunga, macho yakamtoka,
akaishika meza kana kwamba nyumba inazama.
Tangu siku hiyo navipasha moto vijiko
kabla sijamwekea supu.
Kitasa cha choo nimekivika soksi.

Glavu alizifuma mwenyewe, zamani,
jozi kumi na mbili, nyekundu na kijani, nyota juu ya nyota,
akaziweka sandukuni kungoja harusi yangu.
Harusi haikuwa. Hilo tuliache.
Sasa anazivaa kutolea siagi kwenye friji,
anaibeba pakiti kwa mikono miwili, taratibu,
kama anayepokezwa mtoto wa watu.
Jozi moja imeshaingia mafuta. Hajali.
Anasema angalau zimepata kazi.

Vidonge vitatu asubuhi, vitatu jioni, baada ya chakula,
na chakula chote ladha yake ni sarafu.
"Mkate, sarafu. Viazi, sarafu.
Mwanangu, siku hizi nakula mshahara."

Usiku, miguu.
Kwetu hatugusani. Baba alinipa mkono
siku niliyokwenda jeshini, na huo ndio mguso ninaoukumbuka.
Nimesikia wapo watu wasemao
pepo ipo chini ya nyayo za mama.
Mimi nimeziona nyayo zenyewe, chini ya taa ya jikoni:
nyekundu kama zimetembea juu ya makaa,
ngozi inabanduka vipande vipande
kama rangi ya dirisha la zamani.
Nazipaka krimu, kidole kwa kidole.
Yeye anatazama dari, mimi natazama krimu,
na redio inatusitiri kwa habari za hali ya hewa.

Vidole vya mikono navyo vimefutika.
Simu ilimkataa mara tano, ikasema haimjui.
"Vizuri," akasema. "Sasa naweza kuiba benki."
Tulicheka mpaka Ausma wa ghorofa ya juu akagonga sakafu.

Lakini lile daftari.
Naandika joto la mwili, naandika kaenda choo mara ngapi,
maana nesi alisema thelathini na nane ni thelathini na nane,
piga simu, hata iwe saa nane ya usiku.
Alhamisi nikakikuta kipimajoto kimezikwa kwenye kopo la chai.
Nikafoka. Nilifoka kama yeye alivyofoka
nilipoficha ripoti ya shule.
Akaningoja nimalize.
"Mimi nilikuosha miaka mitatu, Gatis.
Sikuweka daftari."
Kisha akafungua kinywa, nikampima.
Thelathini na nane na nusu.
Siku nne wodini. Hizo siziandiki.

Leo ni siku ya kumi na tisa, wiki ya mapumziko.
Amesimama dirishani, kavua glavu ya kulia,
kiganja kakibandika kwenye kioo chenye barafu,
anasubiri. Nami nasubiri, kijiko mkononi.
"Baridi," anasema.
"Umeme?"
"Hapana. Ni baridi tu."
Hakitoi kiganja. Barafu inayeyuka pembeni mwake,
linabaki umbo la mkono usio na mstari hata mmoja.

"Niletee maji," anasema. "Ya bomba.
Haraka, kabla ya Jumanne."