Fundi Mizani wa Mzizima

Wauliza, mjukuu, mji ulikuwa gani
pasi majumba makuu, wala taa barazani.
Ni minazi huku juu, kaa na matope chini;
apitaye usikuni, kwa chafya tulimjua.

Kisima chetu kimoja, tangu jogoo wa pili
mwenye kiu akangoja, kwa porojo na methali.
Chui naye alikuja, akanywa, hakutujali.
Mdai ndiye mkali, kupita chui wa njia.

Fundi wa mizani mimi, si mizani ya shairi:
shaba, kamba, na ulimi usemao bila siri.
Miaka kumi na kumi nimeipima bandari,
pembe, nta, na sukari, na sandarusi za bara.

Kisha wakaja na mawe, Waunguja, na mafundi,
ati mji nao uwe uvutao hadi Hindi.
Akafa bwana mwenyewe, wakaondoka makundi;
mbuzi wa Mwinyi Kilindi sebuleni walizaa.

Mwaka wa nzige na njaa, Jivani akaniita,
akazimisha na taa, kwa kubania mafuta:
"Jiwe langu limepaa, risasi italivuta."
Rupia tano kaleta, nami wana wanalia.

Katoka Maneromango mama, Sikujua jina,
sandarusi kwenye ungo, kucha kumi zote hana.
Rehani, nyuma ya lango, alishikiliwa mwana;
farasila walonena ndiyo ya kumkomboa.

Jiwe likawekwa hapa, sandarusi nayo huku,
ulimi watapatapa sawa na shingo ya kuku.
"Haijafika," kaapa Jivani, "sipigi chuku."
Kageuka kwa shauku: "Baba fundi, ni sawia?"

Nami nilisema, "Ndiyo." Neno dogo kama punje.
Na mama hakufa moyo: "Agano tusilivunje."
Akakung'uta unyayo, apate japo kipunje.
Mimi ndani, yeye nje, mpaka jua kutua.

Yule mtoto, wasema, kapelekwa Bagamoyo;
wengine, kuwa ni homa ya masika yayo hayo.
Nami sikumwona mama tena; naona unyayo,
na chembe moja, ambayo haijapimwa, yang'aa.

Kisha Wadachi na reli, mizani zao za chuma,
zenye namba mbalimbali na mhuri wake nyuma.
Zangu, ati, si za kweli; shaba yote wakachoma.
Jiwe lile, sikusema, kitandani nalalia.

Ukisikia wazee wasifu zamani hizo,
kahawa uwaletee, usiwatie kikwazo.
Nikifa, lisipotee jiwe hili la mauzo.
Penye Mizani, ulizo; jibu langu: Sikujua.