Saa ya Ziada

Oktoba iliingia bila hodi,
ikanikuta nimevaa soksi mguu mmoja,
chai imepoa, na Profesa Ojaste keshaandika:
Ripoti ya udongo. Ijumaa. Saa sita mchana.
Basi. Yeye huandika kama apimavyo ardhi,
nukta, mstari, nukta.

Jumatatu tulichimba shimo nje ya Tartu,
kumi na wawili ndani ya buti za mpira,
kina cha kiuno, tusome matabaka:
jeusi, la kijivu, la rangi ya kutu.
Taavet aliteleza akaingia mzima mzima,
tukacheka hadi mvua ikatunyamazisha.
Jumanne takwimu. Jumatano maabara,
kuchekecha, kukausha, kupima, kuchekecha tena,
na jioni darasa la Kijerumani
ambalo hata sijui nililichukulia nini.

Na kila siku, kasoro Jumatatu, saa kumi alfajiri
nipo kwa Maret, mbele ya tanuri,
natoa mikate myeusi kwa koleo refu
huku macho yangu yamebaki kitandani.
"Mkate haujui mtihani," husema Maret,
mikono yake ina alama za moto, ngazi kwa ngazi.
Hanipi pole. Hunipa trei nyingine.

Leelo, ninayeishi naye chumba kimoja,
sijamwona macho wazi kwa siku tisa.
Nikitoka amelala; nikirudi yuko kwaya.
Tunaishi kwenye mlango wa jokofu, kwa vikaratasi:
Maziwa ni yangu.
Nimeyanywa. Nitalipa.
Unakoroma kwa sauti ya tatu, jifunze ya pili.
Bado uko hai?
Hicho cha mwisho sikukijibu. Sikuona kalamu.

Wiki ya tatu gunia likaja kwa basi kutoka Võru:
viazi, kilo ishirini, na fundo ni la bibi, nalijua.
Kila mwaka huenda kumsaidia kuvuna.
Mwaka huu sikwenda, wala sikupiga simu.
Ndani kaweka karatasi: Sikuviosha.
Udongo nimekuachia, wewe ndiye msomi wake.
Sikujua ananitania au ananisuta.
Nikalisukuma gunia chini ya meza
na kwa siku sita nikawa nalipiga teke gizani.

Majani yalipukutika, nadhani.
Niliyaona siku moja tu, yameganda kwenye soli.

Kisha Jumapili ya mwisho.
Iliniamsha saa ya bibi, ile ya kutia ufunguo
(simu huizima nikiwa ndani ya ndoto),
nikatembea barabara tupu, pumzi ikifuka,
nikakuta mlango wa Maret umefungwa,
giza, hata paka wake hayupo.
Nikatazama simu: saa tisa na dakika mbili.
Usiku huo nchi nzima ilirudisha saa nyuma
nami, kwa kukimbia kwangu, habari ilinipita.

Saa nzima. Haimo kwenye ratiba ya mtu.
Nilisimama nayo kama aliyerudishiwa chenji kubwa
na muuza duka hajagundua.
Ningeweza kuandika ripoti. Niliwaza, naapa.

Nikarudi, nikalivuta gunia,
nikafungua bomba, maji yakatoka kwenye viazi
meusi, kisha kahawia, kisha kama chai ya mgonjwa.
Leelo akasimama mlangoni, blanketi mabegani,
macho wazi, yote mawili.
"Kumbe uko hai," akasema.
Nikampa kisu.

Tulikula kwa chumvi na siagi yake,
wima, tukiungua vidole,
bila jambo la maana la kuzungumza:
Taavet na shimo, bei ya siagi,
mwalimu wa kwaya anayepiga chafya kwa mizani.
Kwenye sinki ulibaki udongo wa Võru,
tabaka moja jembamba.
Ninajua jina lake la kitaalamu, najua uchachu wake kwa namba.
Nikauchota kwa kidole,
nikaandika nao kwenye karatasi, nikaibandika jokofuni:
Niko.

Kwa Maret nilichelewa dakika saba.