Chini ya Ulimi wa Chuma

Uliileta ndani ya kitenge cha mkeo, Hilali,
pamoja na leseni ya polisi na kopi zake mbili,
ukailaza juu ya benchi langu hapa Gongoni,
shotigani ya mitutu miwili, umri wake kuliko wetu sote,
ukasema: irudishie rangi, mnunuzi anashuka na treni Jumamosi.

Rangi gani?
Ile iliyokuwa nayo, ukasema. Ya kwenye picha:
buluu inayozama katika kahawia, kahawia katika zambarau,
kama mafuta ya taa juu ya dimbwi la stesheni.

Naijua. Baba yangu aliijua zaidi.
Alichoma mifupa ya ng'ombe mpaka ikawa mkaa,
na soli za viatu vilivyokwisha safari zake,
akaponda, akakifukia chuma humo ndani ya kasha,
akaziba kwa udongo wa kichuguu, akawasha.
Usiku kucha hakusemeshwa.
Alfajiri akakitosa katika pipa la maji,
na sisi watoto tulibana pumzi,
maana alituambia rangi ni pumzi ya maji
na haipendi kuingiliwa.
Hakikutoka kamwe chuma kilichofanana na mwenzake.

Na ile aliyotia upya juu ya chuma kikuukuu?
Nzuri. Sikudanganyi.
Nzuri kama meno ya bandia.
Bunduki ya Mzee Nsolo ilitoka inawaka
kama doti ya khanga kabla ya kufuliwa,
Mzee akalipa, akaigeuza, akaisogeza karibu na miwani,
akauliza: jicho la kwale liko wapi?
Kwani kabla ya kuchoma lazima usugue,
na msasa haujui kusoma.
Kwale wa nakshi alikuwa na kitobo cha ncha ya sindano,
ndilo jicho.
Baba alirudisha nusu ya fedha. Jicho hakuweza.

Njoo dirishani, nikakuambia, weka simu chini.
Tazama hapa tumboni, nyuma kidogo ya mitutu,
mahali bunduki inapojipimia uzito wake:
chuma kimekuwa cheupe, laini, kama shilingi ya zamani.
Babu yako hakushika hapa.
Anayepiga hushika mbele, kwenye mti,
na nyuma, shingoni mwa kitako.
Hapa hushika anayebeba.

Na weupe umeegemea upande mmoja.
Nani kwenu alikuwa mashoto?

Ulikaa kimya hadi birika likachemka.
Kisha: Mihambo.
Yule wa ukingoni mwa picha, bega moja limeliwa na fremu.
Aliyetangulia mbele ya babu mpaka Ugalla,
akarudi na kanga sita mgongoni
na chuma hiki mkononi, masika kwa kiangazi.
Jina la baba yake hulijui.
Kama alizikwa Ndala au Sikonge, hujui.
Herufi za babu yako zimechongwa hapa, mbili,
zimesukana kama mizizi ya mtongotongo.
Mihambo hakuchonga kitu.
Alifuta tu, kwa jasho, miaka thelathini.

Rangi ya kwanza haijaisha, lakini.
Nilisukuma ulimi wa kufungulia, nikakuonyesha chini yake:
kipande cha buluu, ukubwa wa ukucha wa mtoto,
mbichi kama asubuhi ile kilipotoka majini.
Hapo hakuna mkono uliofika.

Nikakutajia bei: kutu nitaitoa, mafuta nitatia,
elfu kumi na tano.
Ukitaka rangi, yuko kijana kule Kitete
ana chupa ya dawa na mwenge wa gesi,
atakupigia mistari ya pundamilia kabla ya adhuhuri.
Mnunuzi huenda akaipenda. Wengi huipenda.

Hukujibu. Uliinyanyua ili uondoke,
kwa mkono wa kulia, kama kawaida yako,
vidole vikahangaika juu ya ule weupe, havikupata pa kulala.
Ukasimama mlangoni.
Ukahamishia kushoto.