Taa ya Kijani, Ghorofa ya Pili

Saa tisa usiku, Punta Arenas.
Upepo unaipiga hospitali mbavuni
kama mlevi aliyepoteza ufunguo,
na Daktari Ojeda anapiga simu mara ya nne:
"Nolfa, eksirei za chumba cha tatu hazifiki.
Za chumba cha nne zinafika. Nieleze."

Sina maelezo. Nina skrini,
na skrini yote ni kijani.
Tita liko hewani, inasema. Tita ni zima.
Nyaya mbili za kioo kati ya swichi ya chini na ya juu,
zimefungwa pamoja zikapewa jina moja
ili mmoja ukikatika mwingine ubebe.
Na grafu ya tita imelala raha,
inapanda, inashuka,
pumzi ya mtu asiye na homa.

Lakini wastani ni mwongo mwenye adabu.
Mpe aliyekesha na aliyelala fofofo,
atakwambia wote wawili wamesinzia.

Nikaipasua grafu. Kila waya na mstari wake.
Wa kwanza, milima.
Wa pili unatuma, unatuma, unatuma,
na upande wa kupokea, sifuri.
Sifuri tangu Jumanne!
Swichi haichezeshi karata upya kila pakiti:
kila mazungumzo huozeshwa waya mmoja
na kukaa nao, heri au shari.
Chumba cha nne kiliozwa waya mzima.
Chumba cha tatu, tangu Jumanne,
kinamimina mifupa ya watu shimoni,
na mdomoni mwa shimo kuna taa ya kijani.

Ngazi. Tochi menoni.
Juu ya dari ya ghorofa ya pili, kwenye vumbi,
kisanduku cha kugeuza mwanga, cha moto kama mkate,
kimewasha taa zake pande zote mbili
na katikati hakipitishi kitu.
Utepe umebandikwa, mwandiko naujua:
USIGUSE. Y.M.

Yerko Mihovilović, aliyenifundisha kukaza kebo
na kutokunywa kahawa karibu na seva.
Siku ile alikuwa na haraka, nadhani.
Kwenye swichi zote mbili aliandika: unganeni.
Basi. Hakuandika: ulizaneni.

Kuna namna nyingine, ya watu waliolelewa:
kila upande unabisha hodi,
kila sekunde, hodi, hodi,
na waya usiorudisha karibu
unatolewa kwenye tita kabla hujamaliza kupiga chafya.
Nikabadilisha. Chini kwanza, kisha juu.
Nikakosea mara moja, nikaizima wodi nzima kwa dakika mbili
(hilo sikuliandika kwenye daftari).
Waya wa pili ukaanguka, ukawa mwekundu.
Sijawahi kufurahia wekundu namna ile.
"Zinafika," akasema Ojeda, na kukata simu bila asante.

Saa moja asubuhi. Kwenye kona ya barabara
manispaa imefunga kamba ya kushika watembea kwa miguu
upepo ukizidi. Naishika kwa mikono miwili.
Ng'ambo, dirisha la Yerko. Taa inawaka.
Tangu astaafu napita hapa kila siku,
naona taa, najiambia: mzima huyo.
Miezi kumi na minne.

Nikavuka. Nikabisha.
Hakuna kitu. Nikabisha tena, kwa ngumi.

"Nani?"
"Nolfa. Kisanduku chako kimekufa."
Kimya. Bati likapiga mahali fulani.
"Kipi?"
"Cha darini. Ghorofa ya pili."
"Si niliandika msikiguse?"

Na komeo, taratibu, kama mtu
anayetafuta mkono wake mwingine,
likaanza kufunguka.