Kifungu cha Sita

Nyuma ya kiwanda chetu, kwenye bonde la Piemonte,
palikuwa na kilima ambacho Mungu hakukiumba:
sufu ya kondoo wa mlimani, ngumu kama mabua,
isiyosokoteka, isiyovalika, isiyo na mnunuzi.
Tulilipa watu waje kuichoma.
Hebu fikiri: unalipa ili mali yako iwe moshi.
Ila siku zile hatukuiita mali. Tuliiita uvundo.

Mimi ni wa mashine ya nne, ya kuoshea.
Miaka kumi na tisa mikono yangu inanuka mafuta ya kondoo,
hata Jumapili, hata ninapokata mkate.
Basi Daktari Ombretta Gremmo alipokuja kutoka chuo kikuu
na viatu vyeupe
(vyeupe, kwenye sakafu ile!)
nilimnong'oneza Nives wa mashine ya tano:
"Huyu wiki haimalizi."

Aliimaliza. Viatu ndivyo havikumaliza.

Alisema sufu ni nitrojeni iliyojikunja.
Alisema maji yakifungiwa, yakanyimwa pa kutokea,
yakapashwa hadi kupita kuchemka kwake,
yataukunjua kila unywele uwe chakula cha mizabibu.
Evasio, msimamizi wetu, aliyeacha shule na miaka kumi na mitatu,
akaokota fundo moja, akalisogeza sikioni,
akalivuta, akasikiliza linavyokatika.
"Huyu kondoo aliugua mwezi wa Machi.
Na hili lililala kwenye unyevu.
Mkiyachanganya, mtungi wenu utatapika."

Hakuna aliyeandika.

Mtungi ulitapika.
Siku tatu mji ulinuka pembe iliyoungua.
Padri akafupisha misa.
Mwoka mikate akabandika karatasi dirishani: *Si mimi.*

Siku ya nne Daktari alirudi na daftari,
akapindua ndoo, akaikalia mbele ya Evasio.
"Tuanze upya," akasema. "Machi. Machi inasikikaje?"

Kisha wakaja mawakili.
Miezi minane chuo na kampuni walivutana juu ya kifungu cha sita:
kitakachogunduliwa, ni cha nani?
Walimaliza kahawa yetu yote.
Mimi nilibeba sinia,
nikakisoma kifungu juu chini,
tunavyosoma sisi wabeba sinia.
Kilitaja chuo. Kilitaja kampuni. Kilitaja mkoa uliotoa fedha.
Sikio hakikulitaja.

Nilimwambia Daktari ngazini.
Akanyamaza hadi kahawa ikapoa,
halafu akarudi ndani bila kubisha hodi.
Sijui alisema nini. Nilisikia kiti kikianguka.

Sitaki kuwapamba. Hatukugeuka Torino.
Karakana ya punje za mbolea ina watu kumi na mmoja.
Basi la alfajiri limerudi.
Shule imefungua tena darasa la pili:
watoto saba, mmoja wao wa Nives.
Siku ya kukata utepe, mkubwa wa mkoa
alitamka "maendeleo" mara kumi na nne;
nilihesabu, sikuwa na la kufanya.
Benki bado inatudai,
na mwaka jana mvua ya mawe ilipoipiga mizabibu
nani angenunua mbolea ya mizabibu iliyolala chini?

Lakini kilima kinapungua.
Juzi, kutoka mashine ya nne, niliona ukuta wa nyuma,
na ukutani jina la mtu, limekwaruzwa kwa msumari,
la kabla sijazaliwa.

Na jarida la chuo lilifika kwa posta.
Waandishi watano. Wa nne ni Evasio,
jina la ukoo limepungukiwa na herufi moja.
Daktari aliomba radhi, akaahidi kuandika barua, lirekebishwe.
"Liache," akasema Evasio.
Alikunja ukurasa mara nne, akauweka kwenye pochi,
pamoja na picha ya mkewe na risiti ya meno.
Kisha akamwita kijana wa shahada ya uzamivu,
akampa fundo la sufu.

"Usiangalie," akamwambia. "Vuta."