Ukurasa wa Tano Unakula Wino

Nimekodi meza nyuma ya duka la fotokopi, Kiboriloni.
Siku za soko makelele ya ndizi huingia hadi kwenye kalamu.
Nina wino mmoja, mweusi. Wa rangi una bei yake.
Nachora stesheni ya Moshi
bibi yangu Aikande akiwa na miaka kumi na tisa:
madirisha matatu ya tiketi,
na watu wamepangwa kwa rangi, kama chupa dukani.

Jambo la kwanza nililojifunza:
Mzungu hahitaji wino.
Namzungushia mstari, namwacha,
karatasi inamaliza kazi yenyewe.
Lakini shavu la bibi linataka vimistari mia,
kimoja ubavuni mwa kingine, hadi kidole kinakufa ganzi,
na nikizidisha, uso unazama,
yanabaki macho mawili gizani
kama walivyotuchora wao.
Nimechana karatasi nne.

Majalada ya zamani yanasema "utaratibu wa stesheni".
Maneno masafi, yamepigwa pasi.
Hakuna mahali bibi anasema kitu.
Basi puto lake la maneno nikaliacha tupu,
nikamchora ameinama kwenye foleni, jua la saa sita,
na machozi. Niseme kweli:
machozi nilimwongezea mimi.

Jumapili nikampandishia kurasa Kidia.
Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi,
akalamba kidole, akafunua, akafika ya tano.
"Huyu nani?"
Ni wewe, bibi.
"Mimi? Nimedondosha nini hapo chini?"

Akaeleza huku anamenya ndizi, kisu hakisimami:
hakuinama.
Alikwenda dirisha la kwanza, lisilo na foleni,
akaweka senti zake juu ya ubao, akasimama.
Karani akamwonyesha kule. Hakwenda kule.
Treni ya Tanga ikapiga honi, ikaondoka,
yeye yupo palepale,
na karani anajifanya anapanga mihuri.
"Nikarudi kwa miguu. Kesho yake nikashuka tena."
Mara ngapi?
"Mwenye kurasa ni wewe. Unazo ngapi?"

Nimerudi mezani. Kibonzo cha machozi nimekikata kwa wembe.
Sasa ni vibonzo kumi na viwili, dirisha lilelile,
kitenge kinabadilika, kivuli kinahama,
karani anaanza kuota kitambi.
Kati ya kibonzo na kibonzo naacha mwanya,
upana wa kidole, mweupe:
hapo ndipo anapopanda mlima kurudi nyumbani.
Sikuchora njia. Msomaji aipande mwenyewe.

Puto bado tupu, bibi amekataa nilijaze,
ila ameniagiza nilichore kubwa,
lizibe saa ya stesheni.

Leo Ndewirwa, mwenye duka, amekuja na nakala ya majaribio,
vidole vyeusi hadi kwenye kucha.
Analalamika. Ukurasa wa tano, anasema,
unakula wino wa mashine
kuliko mitihani ya shule nzima.
Nikamwambia aandike kwenye bili.
Akaugeuza karibu na mlango, penye mwanga,
akaanza kuhesabu vitenge.