Peasi la Laki Tatu

Niliingia kukwepa mvua tu.
Mwanjelwa ikinyesha hainyeshi kwa adabu,
na buti zangu zilikuwa na tope la Uyole,
kule ninakopima viazi, gunia kwa gunia,
tangu saa kumi na moja alfajiri,
koti juu ya sweta, sweta juu ya sweta.

Dada wa duka hakunitazama miguu.
Kibandiko kifuani kilimwita Tusekile.
Alinishika mkono kama muuguzi anayetafuta mshipa,
akakigeuza kiganja,
akanipulizia mara moja, fsss,
akasema: Subiri. Usisugue. Ukiyasugua yanakufa.

Nikasubiri.

Kwanza likaja peasi.
Si la sokoni, lililopondeka chini ya wenzake,
bali lile la kileleni, linalobaki peke yake
ngazi ikiisha na kaka zako wakiogopa,
lile ambalo ndege kaonja upande mmoja
na nyuki wakaja kumalizia.
Kisha pichi, na manyoya yake.
Kisha kitu nyuma yao, kizito,
kama sukari iliyosahauliwa jikoni ikaanza kuungua
na mtu akaiwahi.

Nikamwambia: Hii ni Isongole.
Akacheka: Hii ni Ufaransa, dada yangu.
Laki tatu.

Laki tatu!
Mama yangu Februari humwagia nguruwe mapeasi.
Ndoo nzima kando ya barabara ya Tukuyu, elfu mbili,
na magari yasiposimama
ndoo ilirudi nyumbani juu ya kichwa changu,
maji ya tunda yakichuruzika shingoni, mgongoni,
yakinata,
nzi wakinisindikiza kama bibi harusi.
Nilinukia mpaka darasani.
Wakaniita Mzinga.
Nilijisugua kwa majivu, kwa sabuni ya mche,
nikiomba ninuke chochote
kisichoota mtini.

Leo nina miaka thelathini na minne,
nimesimama mbele ya kioo cha duka
nikibadilisha magunia kuwa chupa, kichwani,
hesabu inakataa, naianza upya.

Nadhani nimeelewa wanachouza.
Si tunda. Tunda tunalo, linatuozea.
Wanauza tunda bila ndoo.
Bila ngazi, bila nzi,
bila ukungu wa Rungwe unaoingia mfupani,
bila Mwalimu Ambakisye kufungua dirisha
kila nilipokaa karibu naye.
Mtu fulani, huko mbali, ameuchuja uzito wote
akauacha chini,
akafungia chupani kilichobaki,
na kilichobaki hakiozi,
na kifuniko chake hujifunga kwa mlio mdogo, tk,
kama mlango wa gari la mtu mwingine.

Nami nakitaka. Kwa nini nikufiche?
Nakitaka kuliko nilivyomtaka yule bwana wa Vwawa,
na yule nilimtaka mpaka nikakonda.

Sikununua.
Mvua ilikatika, nikamwambia Tusekile nitarudi,
akasema karibu, kwa sauti ya mtu
aliyeahidiwa hivyo tangu asubuhi.
Usiku nikaosha vyombo kwa mkono mmoja,
ule mwingine nikaulaza juu ya mto
kama mgeni,
nikawa naunusa kila usingizi uliponiachia.

Kesho yake, Jumapili, nikapanda Isongole.
Peasi lilikuwa limekwisha kuondoka,
pichi linaaga,
ulibaki ule utamu wa mwisho, wa kuungua.

Mama haoni vizuri siku hizi.
Alikuwa amekaa karibu na moto, akanipokea kwa mikono miwili,
akakishika kifundo changu, akakisogeza puani
kama anavyopima tunda la mnunuzi mbishi.
Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Limeiva sana hili," akasema.
Akapapasa sakafu pembeni yangu, huku na huku,
akitafuta.

"Ndoo umeiacha wapi?"